Kamba ya chuma iliyochoka yaweza kuzaa kisu kikali

Hapana nyumba isiyo na kisu, na ni nadra kuipata nyumba ambayo wenyewe hawakilalamikii. Kisu hununuliwa sokoni kikiwa kinameta kama kioo, mpini wake wa plastiki una rangi ya kuvutia, na baada ya majuma mawili mama anakinoa kwenye kizingiti cha saruji ili apate kukata sukuma wiki ya jioni. Nyanya zinapondeka badala ya kukatika. Mtoto akitumwa kumenya viazi hurudi na kidole kinachovuja damu, maana kisu butu huteleza, na mkono hulazimika kukisukuma kwa nguvu. Mwishowe kisu hutupwa, kingine kikanunuliwa, na hadithi ikaanza upya.

Leo nataka tuzungumze juu ya kisu cha namna nyingine kabisa. Ni kisu kinachofuliwa kutokana na kamba ya chuma, ile kamba nene ya nyaya zilizosokotwa ambayo huinua mizigo kwenye kreni, huvuta malori matopeni kwa winchi na kupandisha lifti katika majumba marefu. Nitawapeleka hadi Litein, katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, kwa sababu huko kisu si chombo cha jikoni tu, na kwa sababu vijana wa huko, kama wenzao wa Nairobi, Nakuru na Mombasa, wanatafuta kazi ya mikono yao. Swali letu ni moja: ni kitu gani hasa kinachofanya kisu kiwe kikali na kidumu?

Mji wa majani chai

Litein ni mji wa Bureti katika Kaunti ya Kericho, kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Sotik. Ukisafiri kidogo tu umeingia Bomet. Mvua haikawii kunyesha huko, na vilima vimefunikwa na michai hadi upeo wa macho. Kampuni kubwa zilianza kupanda chai kwa biashara katika eneo la Kericho miaka ya 1920, na tangu mwaka wa 1964, shirika la KTDA lilipoanzishwa, wakulima wadogo nao wakaingia kwa nguvu. Litein kwenyewe kuna kiwanda kinachopokea majani mabichi ya wakulima hao.

Mgeni kutoka mjini hudhani kwamba kazi ya chai ni kuchuma majani mawili na chipukizi, basi. La hasha. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hupogolewa, yaani matawi yake hukatwa hadi kimo kifupi ili uchipuke upya. Hapo ndipo mkulima anapojua thamani ya makali. Kisu kikali hukata tawi mara moja, na jeraha likabaki safi. Kisu butu hulichana tawi na kulipasua, maji ya mvua yakaingia, ugonjwa ukafuata, na kichaka kilichopandwa na babu kikaanza kuoza kutoka juu kwenda chini. Kwa mkulima mwenye vichaka elfu mbili au tatu, makali ni pesa. Kisha kisu hicho hicho, ambacho Wakipsigis hukiita *rotwet*, jioni hutakiwa kuchinja kuku au kukata kabichi.

Lipo jambo jingine linalotupeleka huko. Kazi ya kuchuma chai kwa mikono, iliyolisha familia nyingi, imekuwa ikipungua katika mashamba makubwa kwa sababu ya mashine. Hasira ilipanda mpaka mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zikateketezwa kwa moto. Kuchoma mashine hakujampa mtu mshahara. Lakini swali la vijana lingali pale pale: mikono hii tuipeleke wapi? Uhunzi si jibu la kila mtu, lakini ni jibu mojawapo, na wengi hulipita bila kulitazama.

Feleji ni kitu gani?

Watu wengi husema chuma ni chuma. Fundi hawezi kusema hivyo. Chuma kitupu ni laini. Kikichanganyika na kaboni kidogo, ile ile iliyomo katika makaa, hugeuka kuwa feleji, na kiasi cha kaboni ndicho kinachoamua tabia yake.

Nondo za kujengea nyumba zina kaboni chache, aghalabu chini ya asilimia 0.3. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili zikunjike bila kuvunjika. Ukifua kisu kwa nondo utapata umbo zuri la kupigia picha, lakini hata ukikichoma na kukizamisha mara kumi, makali yake hayatakaa. Springi za magari zina kiasi cha asilimia 0.6, na ndiyo sababu mafundi wetu wa jua kali, kuanzia Kamukunji jijini Nairobi hadi vibanda vya miji midogo, huzithamini sana kwa kufulia mapanga, visu na patasi. Nyaya za kamba ya chuma nazo kwa kawaida huwa na kati ya asilimia 0.6 na 0.8. Kwa maneno mengine, ile kamba iliyotupwa nyuma ya karakana, imejaa kutu na grisi, ina feleji bora kuliko visu vingi vya bei rahisi vinavyometa dukani.

Kamba hii ina historia yake. Mwaka wa 1834 Mjerumani mmoja aliyeitwa Wilhelm Albert, afisa wa migodi katika milima ya Harz, alichoshwa na minyororo iliyokuwa ikikatika ghafla migodini. Mnyororo ukiwa na pete moja mbovu, wote umekwisha. Akasokota nyaya pamoja, ili waya mmoja ukikatika mwingine ubebe mzigo. Kamba nyingi za leo huwa na misokoto sita, na katika mojawapo ya aina zinazojulikana sana kila msokoto una nyaya 19. Piga hesabu, mwanafunzi: nyaya 114, bila kuhesabu moyo wa kamba. Nyaya zake kadhaa zikishakatika, kamba huondolewa kazini, kwa kuwa roho za watu huning'inia juu yake. Hapo ndipo mhunzi anapoichukua.

Kabla ya kuwasha moto

Si kila kamba inafaa. Kwanza, mhunzi hukataa kamba iliyopakwa zinki, ile nyeupe inayong'aa kama mabati. Zinki huyeyuka kwenye digrii 420 hivi na kuanza kuchemka ikifika karibu 907, na moto wa kufulia ni mkali kuliko huo. Moshi wake mweupe humletea mtu homa, baridi ya mwili, kikohozi na kifua kubana. Pili, hukataa kamba isiyoshika kutu, kwa kuwa haikubali kuungana kwa njia hii. Tatu, huchungulia ndani. Kamba nyingine zina moyo wa katani au plastiki, na moyo huo hauna budi kutolewa, la sivyo utaungua na kuacha uchafu ndani ya kisu.

Nne, na hili ndilo ninalotaka vijana walishike sana, mhunzi huuliza kamba imetoka wapi. Mnamo Januari 2022 nchi yetu iliingia gizani baada ya minara ya umeme kuanguka, na uharibifu wa watu wanaoiba vyuma ukatajwa kuwa chanzo. Serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ikaendelea hadi mwezi wa Mei mwaka huo. Mafundi waaminifu waliumia pamoja na wezi. Kabla ya hapo, Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 ilikuwa imekwisha kusema kwamba mwenye kufanya biashara hiyo awe na leseni. Kwa hivyo usiuziwe waya unaoshikilia nguzo ya umeme ati kwa sababu ni rahisi. Ni wizi, na nguzo hiyo inaweza kumwangukia mwanao. Tena waya huo hupakwa zinki, basi una madhara mara mbili. Nunua kwa mwenye leseni, dai risiti, na uiweke.

Moto, boraksi na nyundo

Sasa tuingie kazini. Tuseme mhunzi ana kipande cha kamba chenye unene wa inchi moja na urefu wa futi moja. Huosha grisi yote, kisha hufunga ncha mbili kwa waya wa kawaida au huzichomelea, kwa sababu kamba ikipata moto hupenda kufumuka kama msuko wa nywele uliokatwa uzi. Huunganisha ncha moja na chuma kirefu kiwe mpini wa kushikia.

Anaiweka motoni. Mvukuto, au feni ya kuzungushwa kwa mkono, hupuliza makaa polepole. Kamba ikiwa nyekundu, anaitoa na kuinyunyizia boraksi, unga mweupe unaofanana na chumvi. Boraksi huyeyuka ikawa kama asali, ikapenya kati ya nyaya, ikaosha magamba ya kutu na kuzuia hewa isiingie. Bila hiyo nyaya hazitashikana, kwa kuwa chuma chenye magamba hakikubali kuungana na mwenzake.

Kamba inarudi motoni. Sasa mhunzi hatazami saa, hutazama rangi. Nyekundu ya damu haitoshi. Rangi ya chungwa haitoshi. Hungoja hadi chuma kiwe njano inayokaribia weupe, na uso wake ung'ae kwa unyevu kama siagi inayoanza kuyeyuka. Ni kiasi cha digrii 1,250 hadi 1,300. Akiwahi, nyaya hazitaungana. Akichelewa kidogo, cheche nyeupe zitaruka kama za fataki, ishara ya kwamba feleji inaungua, na feleji iliyoungua haiponi.

Hapo huibana ncha moja kwenye jiliwa, ile ambayo mafundi wengi huiita vaisi, na kuisokota kamba kwa kufuata upande ule ule iliosokotwa, mpaka nyaya zibanane. Moto tena, boraksi tena, kisha juu ya fuawe. Mapigo ya kwanza huwa mepesi na ya haraka. Anayepiga kwa nguvu mwanzoni huzitawanya nyaya. Boraksi iliyoyeyuka huruka kwa matone ya moto, kwa hivyo miwani ya kukinga macho, viatu vizito na aproni ya ngozi si mapambo. Baada ya kuingia motoni mara tatu au nne, mlio wa nyundo hubadilika. Mwanzoni ulikuwa mlio mfu, kama kupiga gunia. Sasa unalia kama kengele. Nyaya 114 zimekuwa kipande kimoja.

Kutoka hapo mhunzi huchora umbo kwa nyundo: ncha, ubapa, na mkia utakaoingia katika mpini. Wenye busara huacha unene kidogo upande wa makali, kwa sababu makali membamba hupinda au kupasuka katika hatua inayofuata.

Kukinywesha na kukituliza

Hatua hii ndiyo iliyotenga wahunzi na wapiga vyuma tangu zamani. Kisu kikishapata umbo bado ni laini. Kinapaswa kuchomwa tena, lakini si kwa moto ule wa kuungia. Mhunzi ana siri ndogo ambayo mwanafunzi wa fizikia ataipenda: sumaku. Feleji ikifika karibu digrii 770 haishikwi tena na sumaku. Mhunzi hugusisha kisu kwenye sumaku iliyoning'inizwa. Ikikataa kushika, hukirudisha motoni kipande cha dakika tu, kisha hukizamisha katika mafuta yenye uvuguvugu. Mafuta ya kupikia yatafaa. Maji hupoza kwa haraka mno, na kisu kingi cha namna hii hupasuka kikizamishwa ndani yake.

Kikitoka, ni kigumu kama kioo, na kama kioo, kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Ndiyo maana hutulizwa. Mwenye oveni hukiweka kwenye digrii 200 kwa saa moja, akakiacha kipoe, kisha akarudia. Asiye na oveni hukisugua mgongo kwa msasa hadi ung'ae, halafu hukipasha moto taratibu upande wa mgongo akitazama rangi ikitambaa kuelekea makali. Anapoona rangi ya chai ya rangi iliyotiwa majani machache, huacha. Zambarau na buluu zikifika kwenye makali, amepitiliza, na kisu kitakuwa laini mno.

Na kwa kuwa tumeitaja chai, Litein ina zawadi yake hapa. Kisu kikishanolewa na kung'arishwa, huwekwa katika siki au tindikali hafifu. Mara michoro inajitokeza, madoa na mistari kama magamba ya nyoka, kila waya ukionyesha mahali pake. Sababu ni kwamba ule moto mkali ulipunguza kaboni juu ya ngozi ya kila waya, kwa hiyo mipaka ya nyaya hung'aa huku matumbo yake yakiwa meusi. Baadhi ya mafundi hukizamisha baadaye katika chai nzito isiyo na maziwa kwa muda mrefu. Tanini ya chai hushikana na chuma na kukipa weusi wa kupendeza unaopunguza kasi ya kutu. Kina mama wanaomenya ndizi mbichi wanaujua weusi huo, maana visu vyao hugeuka hivyo hivyo.

Kazi iliyodharauliwa

Njia hii ya kutumia kamba ilienea miongoni mwa wahunzi wa Marekani, hasa baada ya mwaka wa 1973, mhunzi William Moran alipoonyesha hadharani visu vya feleji yenye michoro na kuamsha upya hamu ya kazi hiyo. Chama chao, American Bladesmith Society, kilianzishwa mwaka wa 1976, na mtihani wake wa kwanza haununuliki kwa maneno matamu. Kisu cha mtahiniwa lazima kikate kwa pigo moja kamba ya inchi moja inayoning'inia huru, kisha kikate ubao wa mbili kwa nne mara mbili, kisha kiwe bado kinaweza kunyoa nywele za mkono. Mwishowe hubanwa na kukunjwa digrii 90 bila kuvunjika vipande viwili. Makali magumu na mgongo mvumilivu katika kipande kimoja. Hicho ndicho kipimo.

Msomaji asije akadhani kwamba ujuzi wa feleji ulitujia kwa meli. Mwaka wa 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za Wahaya wa upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, huko Tanzania. Walieleza kwamba wazee wa huko walijenga tena tanuri ya kale na kuyeyusha feleji, na kwamba mabaki yaliyofukuliwa yalionyesha kazi ya namna hiyo ilifanyika miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Hapa kwetu, majembe ya Wasamia yalisifika na kuuzwa mbali. Agikuyu waliwaita wahunzi wao *aturi*, na laana ya mhunzi iliogopwa sana.

Lakini heshima haikuwa kila mahali. Miongoni mwa Wamaasai, wahunzi walitengwa, na watu wa koo nyingine hawakukubali kuoana nao. Walitumia mikuki yao, wakawakataa wenyewe. Je, sisi wa leo tumebadilika? Tunanunua jiko, sufuria, karai na sanduku la bati la mtoto wa bweni kutoka kwa fundi wa jua kali, halafu mtoto huyo huyo akisema anataka kuwa mhunzi, nyumba nzima inanuna kama kwamba kuna msiba. Serikali yenyewe ilichukua muda mrefu kuwatambua. Ni mwaka wa 1985 ndipo Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Nairobi waliokuwa wakifanya kazi juani na kuahidi kuwajengea vibanda, na ni mwaka wa 1992 ndipo sera maalumu ya jua kali ilipochapishwa. Wahenga walikwisha sema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa mzazi na kwa mwanafunzi

Mwanafunzi, ukitazama vizuri utaona kwamba katika kisu kimoja kuna masomo yako yote. Kaboni ni kemia. Sumaku ni fizikia. Nyaya 114 ni hesabu. Wahaya na Wasamia ni historia. Risiti ya chuma chakavu ni uraia mwema. Lakini usiende kuwasha tanuri nyuma ya nyumba bila mtu anayejua. Anza kwa kumtumikia fundi: shika koleo, puliza mvukuto, jifunze rangi za moto. Rangi hizo huonekana vizuri zaidi kivulini, na ndiyo sababu mhunzi hupenda kibanda chenye giza kidogo. Hazifundishiki kwa maandishi peke yake, hata haya ninayoandika. Anza kwa springi, ambayo haihitaji kuunganishwa. Ukiweza kufua kisu cha springi kinachokaa makali, ndipo uiendee kamba.

Mzazi, usimwambie mtoto kwamba karakana ni mahali pa walioshindwa masomo. Vyuo vya ufundi vipo hadi mashinani, na mafundi wa kazi za vyuma wanaweza kufanya mitihani ya serikali inayosimamiwa na NITA, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kijana wa Litein mwenye cheti cha kuchomelea na mkono wa mhunzi anaweza kuwafulia wakulima visu vya kupogolea, akawanolea vilivyochoka, na mara moja moja akatengeneza kisu cha kamba kwa mtu anayetaka kitu cha kumrithisha mwanawe. Kile cha kamba huchukua siku nzima au zaidi na makaa mengi, kwa hivyo bei yake haiwezi kuwa ya sokoni. Asitegemee hicho kimoja. Riziki ya kila siku imo katika kunoa na kukarabati.

Na sisi tunaonunua? Tukifika kwa fundi tumwulize maswali matatu. Kisu hiki ni cha chuma gani? Ulikizamisha katika nini? Ulikituliza? Fundi wa kweli hatakasirika, atafurahi. Kisha pitisha tupa mpya kidogo kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kisu kimekomaa. Ikiuma na kutoa unga, ni nondo iliyovaa koti. Ukikipata kilicho bora, kioshe, kikaushe papo hapo na ukipake tone la mafuta ya kupikia, kwa sababu feleji ya namna hii hushika kutu. Usikilaze ndani ya karai la vyombo usiku kucha. Usikifanye bisibisi wala kifungua mikebe. Kinoe kwa kinoo, si kwa kizingiti.

Swali letu lilikuwa ni kitu gani kifanyacho kisu kiwe kikali na kidumu. Jibu haliko katika kumeta, wala katika nchi kilikotoka. Liko katika kaboni iliyomo ndani, katika moto uliosomwa na jicho lililofunzwa, na katika uaminifu wa mtu aliyejua chuma chake kimetoka wapi. Vitu hivyo vitatu vinaweza kupatikana Litein, kando ya barabara, chini ya paa la mabati, endapo sisi wanunuzi na wazazi tutaacha kuwatazama wahunzi kama watu wa kando.

Jumapili njema, na angalieni vidole.